Vitu Usivyotumia

Mvua ilikuwa na siku ya tisa hapa Valdivia,
kioo cha kibanda changu kimejaa ukungu,
Bi Eduvigis Catrileo aliposukuma mlango kwa kiwiko,
simu ameifunga ndani ya mfuko wa mkate
kama andazi lisilotakiwa kulowa.

"Mpya," akasema. "Ina wiki tatu. Na imeshajaa."

Nikaiwasha.
Kampuni ya laini ikatusalimu kwanza, kwa muziki,
kisha kampuni iliyoiunda,
kisha ya tatu, ambayo hata mimi fundi siijui kazi yake.
Halafu wenyewe wakajipanga:
mchezo wa peremende, mchezo wa mashamba,
duka, na duka la pili linalolichongea la kwanza,
kipima hatua (yeye mwenye goti la chuma!),
mbio za farasi, benki asiyokuwa na akaunti nayo,
na hali ya hewa ya mji mmoja wa Uchina
simu ilikozaliwa, nadhani, moyo wake ukakataa kuhama.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Hawa siku ya kwanza tu walishakalia vitanda,
na jembe ukiwapa wanakuuliza
kama umekubali vigezo na masharti.

Nikabonyeza "Ondoa". Neno lilikuwa la kijivu,
rangi ya mlango uliochorwa ukutani.
Chini yake: "Zima".
Kuzima si kufukuza.
Ni kumwambia mtu ajifanye amelala
huku sahani yake bado iko mezani.

Kisha simu, kwa upole wa karani,
ikatoa ushauri wake yenyewe:
"Futa vitu usivyotumia."
Ikaleta orodha. Kitu kimoja.
Sauti. Dakika nne na sekunde kumi na moja.
Mara ya mwisho kuguswa: miezi kumi na saba iliyopita.

Bi Eduvigis akaweka kiganja juu ya kioo chote
kama unavyofunika kikombe nzi asiingie.

"Huyo ni Hermógenes," akasema. "Marehemu wangu.
Ananieleza namna ya kuwasha jiko la kuni.
Magome makavu kwanza. Bomba la moshi liwe wazi.
Usilikimbize, mwanamke, jiko si ng'ombe.
Alirekodi kule hospitali, manesi wakimcheka."

"Huwa unaisikiliza?"
Swali la kipumbavu, swali la fundi.

"Hapana.
Jiko nawasha kila asubuhi.
Siisikilizi, lakini naitumia."

Sikujibu. Nilichukua waya.
Kuna mlango wa uani, kila fundi anaujua:
unawaita kwa majina yao halisi,
marefu, ya herufi ndogo na nukta katikati,
si yale ya kutabasamu juu ya kioo,
na wanatoka.
Simu ikanionya mara tatu kwamba ninaharibu.
Yule wa mashamba aligoma, nikamwita tena.
Thelathini na saba. Bi Eduvigis akiwahesabu kwa Kihispania,
chini ya pumzi, kidole kwenye shanga asizokuwa nazo.

Nilipofika kwa hali ya hewa akanishika mkono.

"Hiyo iache."

"Mama, ni mji wa watu, huko mbali."

"Najua. Ya hapa nimekuja nayo kwenye koti."

Tukainama wote wawili, vichwa karibu kugusana:
nyuzi joto thelathini na moja, jua,
upepo kidogo kutoka kusini.
Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye pindo lake
yakichora ziwa dogo miguuni pa stuli yangu.

"Huyu," akasema, "angalau anakuja na kitu mkononi."

Akalipa kwa noti iliyolowa,
akairudisha simu kwenye mfuko wa mkate,
akafunga fundo, akalifungua, akachungulia ndani,
akafunga tena.
Kisha akavuta kofia ya koti, akatoka
kwenye siku ya tisa.